Nusu Ukurasa Niliouruka

Mashine ya kwanza niliyokabidhiwa kazini ilikuwa na vitufe sita tu na kipande kirefu cha kuachia nafasi. Nilikuwa nimetoka kusomea upigaji chapa, vidole vimezoea herufi zote, nikadhani nimepewa mashine iliyonyofolewa. Upande wa pili wa meza alikaa mwanamume aliyevaa koti licha ya joto, mikono juu ya karatasi.

"Shikamoo," nikamwambia. "Samahani, vitufe vingine viko wapi?"

"Marahaba. Vingine wamekula panya. Kaa chini."

Huyo alikuwa Mzee Mihayo, mtu wa Ntalikwa, ambaye surua ilimchukua macho akiwa bado hajaota meno ya ukubwani. Kazi yake ilikuwa kusahihisha vitabu vya wasioona kwa vidole. Kituo chetu hapa Tabora kiliandika vitabu vya nukta nundu, yaani zile nukta zilizoinuka juu ya karatasi ngumu, kila herufi na mpangilio wake. Tulianza na vya shule, kisha tukaandika chochote ambacho wasomaji wetu walikitamani. Mimi nilikaa pale miaka thelathini na mitano, mpaka nilipostaafu mwaka jana. Ninyi wenzangu mliobaki mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa kabla ya kompyuta. Nitaandika. Vyeo na mishahara tu mtanisamehe: vya kwanza vilikuwa vichache, na ya pili ilikuwa mifupi.

Siku hiyo ya kwanza niliharibu kabla hata sijaandika herufi moja. Niliona vitabu vimesimama ovyo kwenye rafu, kimoja kimeegemea huku, kingine kule, nikavilaza vizuri kimoja juu ya kingine na kuweka tofali juu ili vinyooke. Mzee Mihayo akarudi kutoka kunywa chai, akapapasa rafu, mkono ukagota kwenye tofali.

"Nani kaweka hili?"

"Mimi, Mzee. Nimepanga."

Akachomoa kitabu cha chini kabisa, akapitisha kidole. Kilikuwa cha jiografia. "Umeilaza Afrika nzima," akasema. "Kilimanjaro sasa ni uwanja wa mpira."

Nukta zikikandamizwa husinyaa, na kidole hakisomi kilichosinyaa. Vitabu vyetu husimama. Hata leo nikiingia nyumbani kwa mtu nikakuta vitabu vimelala, mkono unaniwasha.

Hakunianzisha na mashine. Alinipa kibao, vipande viwili vya chuma vyenye bawaba ambavyo karatasi hukaa katikati yake, na kalamu fupi ya chuma ya kutobolea. Unatoboa nukta moja moja, tena kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu atakayesoma ataigeuza karatasi. Wiki mbili nzima niliandika jina langu, Kalunde, na wiki mbili nzima lilipogeuzwa lilisomeka kinyume. Basi akaniita hivyo. "Mwangaluka, Ednulak," alinisalimu kila asubuhi, akicheka peke yake. Nukta iliyokosewa tuliilaza kwa kijiti cha mninga alichokichonga mwenyewe. Mimi nilisoma kwa macho, kwa kuiinamisha karatasi dirishani nione vivuli vya nukta, na kwa hilo hakuacha kunitania hadi alipostaafu. "Wewe unasoma kivuli," alikuwa akisema. "Mimi nasoma chenyewe."

Sasa nieleze tulivyosahihisha, na hapa nawaomba msome taratibu, kwa maana habari yote inayofuata imekaa juu ya jambo hili. Nikishamaliza kuandika sura, tuliketi sisi wawili. Yeye alisoma kwa sauti kile nilichoandika, kidole kikienda. Mimi nilifuata kwa macho kwenye kitabu cha asili kilichopigwa chapa. Akisoma neno tofauti na la kitabuni, nilimsimamisha. Yeye hakuweza kukiona kile cha asili. Alikuwa na macho yangu tu.

Mwaka wangu wa pili aliletwa mtoto wa kike kutoka upande wa Nzega, Zuhura, miaka tisa hivi. Nilikuwa getini nasubiri mizigo ya karatasi ishushwe, kwa hiyo nilisikia. Baba yake hakuingia ndani. Alimwambia mlinzi, mtoto akiwa amesimama pale pale kashika kifurushi cha nguo, "Huyu mimi nimeshamzika. Mkishindwa naye, msinirudishie." Akageuka akaifuata barabara.

Siku tatu yule mtoto hakula. Ya nne, Mzee Mihayo alimwita ofisini kwetu, akamweka karibu na meza, akamwekea kidole chake juu ya herufi moja na kumwambia, "Hii ni Z. Ni yako. Hakuna anayeweza kukunyang'anya, labda huyu Ednulak aiwekee tofali." Zuhura hakujua tofali ni habari gani, lakini mimi nilicheka, na yeye akanifuata kwa kicheko. Mchana ule alikula ugali.

Akaja kuwa msomaji mkali kuliko wote tuliopata kuwa nao. Alisoma vya darasa lake, akasoma vya waliomtangulia, akatuletea na orodha ya makosa tuliyoyaacha. Alipokua aliajiriwa kuwa mpokea simu katika ofisi moja huko Nzega, akaolewa, akapata watoto wawili. Kila alipopiga simu kituoni alianza na shikamoo na kumaliza na kosa.

Ile riwaya ilitoka miaka kama kumi na mitano iliyopita. Jina lake sitaliandika. Mwandishi yu hai, na mimi sina nia ya kumuuzia kitabu chake wala kumwekea vizuizi. Ilipata tuzo. Redio ziliisifu, magazeti yaliisifu, na kwetu ilivuma zaidi kwa sababu inasimulia njia yetu ya zamani, wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji wakapita hapa hadi pwani. Kila mtu Tabora ana babu aliyebeba, au anayesema alibeba.

Zuhura akapiga simu. "Mama Kalunde, shikamoo. Wiki nzima redio inaimba kitabu kimoja. Sisi tutakisoma lini, tukizeeka?"

Tukaomba ruhusa, tukapewa, nikakaa kwenye vitufe vyangu sita. Ukurasa mmoja wa kawaida hula karibu kurasa tatu za nukta nundu, kwa hiyo kitabu ambacho anayeona hukibeba kwapani kikawa juzuu saba nene. Ilikuwa nakala moja tu, iliyoandikwa kwa mikono. Ilikusudiwa isafiri kutoka msomaji hadi msomaji ndani ya gunia la katani, juzuu zikiwa zimesimamishwa na kubanwa kwa maboksi.

Ndani ya riwaya hiyo yumo bibi mmoja asiyeona, Bibi Ng'washi, anayewapikia wapagazi kwenye kambi iliyo mwendo wa siku kadhaa mashariki ya hapa. Anawatambua kwa uzito wa hatua zao. Anajua nani kabeba pembe na nani kabeba shanga, nani mgonjwa, nani atatoroka kesho. Nilimpenda nilipokuwa namwandika. Nilijua Zuhura naye atampenda.

Kisha nikafika sura ya kumi na moja. Wapagazi wawili wanakosha mara tatu bakuli alilolishika yule bibi, wakidhani hasikii maji. Anaacha chungu jikoni, anakwenda kisimani, anakaa chini, na anamwuliza Mungu kwa nini hakumruhusu mama yake amlilie mara moja tu, mazishini, badala ya kumlilia kila siku akiwa hai. Ni nusu ukurasa. Baada ya hapo panakucha, na bibi anarudi na maji.

Nikatoa vidole kwenye vitufe. Nikaenda kunywa maji mtungini, nikarudi, maneno yako pale pale. Nilimwona yule mtoto getini na kifurushi chake. Nikajiambia: haya maneno yamekwisha kusemwa mara moja mbele yake. Kwa nini mimi, kwa vidole vyangu hivi, nimtobolee tena ayaguse? Nikaiacha ile nusu ukurasa. Nikaandika panakucha.

Siku ya kusahihisha, Mzee Mihayo alisoma sura ile kwa sauti yake ya kawaida, ya mtu anayehesabu mbuzi. Akapita kwenye chungu, akafika panakucha, kidole kikasimama. Kikarudi nyuma mstari mmoja. Kikasimama tena.

"Kalunde." Hakuniita Ednulak. "Huyu mama alikuwa anapika, mara anatoka kisimani. Hapa hakuna kilichoruka?"

Mbele yangu kitabu kilikuwa wazi, na ile nusu ukurasa ilikuwa inanitazama.

"Hapana, Mzee. Ndivyo ilivyo."

"Mwandishi mzima na tuzo yake," akasema, "hajui hata kumfikisha mtu kisimani." Akaendelea kusoma.

Nimekosea mambo mengi katika kazi hii. Lile ndilo pekee nililolifanya nikiwa nimekaa kimya na mikono imetulia.

Gunia likaanza safari. Likaenda Nzega kwa basi, likarudi, likapanda treni hadi Tura kwa msomaji wetu mmoja wa huko, likarudi, likaja mjini kwa Dionisi, mpiga kinanda wa kwaya ya kanisani, ambaye naye haoni na alisoma shule moja na Zuhura. Karibu mwaka mzima watu walipiga simu kuuliza, si kitabu kiko wapi, bali "Gunia limefika?" Na wote walikipenda. Dionisi alisema alisoma juzuu ya tatu akakosa mazoezi ya kwaya. Zuhura aliniandikia: "Mama, Bibi Ng'washi hakuhurumiwa hata mara moja. Mwandishi huyu ametuketisha mezani pamoja na watu."

Niliisoma barua hiyo dirishani, kwa vivuli, nikaikunja.

Wakati huo huo, mjini, wale waliosoma kwa macho walikuwa wamegawanyika. Wengine walilia, wakawapa jirani zao nao walie. Wengine walisema mwandishi alikuja Tabora siku tatu, akanywa soda karibu na stesheni, akarudi kwao kuandika kurasa zote zile. Mwalimu Lameck ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, Mkristo mnyoofu wa Kanisa la Moravian, aliyekuwa akija kituoni kwa hiari yake kuwasomea watu magazeti. Alikisoma mara mbili, kwa maelezo yake, ili akasirike sawasawa. "Amewatukana wasioona," alisema kila alipopata msikilizaji. "Na watu wanampigia makofi."

Mkuu wa kituo chetu alipoona moto huo akafurahi, kama wakuu wanavyofurahia moto usiounguza bajeti. Akapanga Jumamosi moja wasomaji wa macho na wasomaji wa vidole wakutane ukumbi wa chakula wajadiliane. Nilitamani niumwe. Jumamosi ile niliamka mzima kabisa.

Walikuja kama watu ishirini. Zuhura alikuja na basi la asubuhi. Tuliwapa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na juzuu saba zikawekwa mezani, zimesimama. Mzee Mihayo alikaa karibu na mlango. Mwalimu Lameck alianza, akasema kwa adabu zote kwamba haelewi vipi ndugu zake wasioona wanakipenda kitabu kinachowadhalilisha.

"Mwalimu, shikamoo," Zuhura akasema. "Wewe umesoma kitabu gani? Yule bibi ameandikwa kwa heshima tangu mwanzo hadi mwisho."

"Heshima? Na sura ya kumi na moja?"

"Sura ya kumi na moja amefanya nini? Amepika, amechota maji."

"Mwanangu, sikiliza." Akafungua kitabu chake, akasoma. Bakuli, maji mara tatu, kisima, mama anayelia kila siku. Alisoma vizuri, miaka yote ile ya darasani haikupotea. Alipomaliza hapakuwa na kikombe kilichogusa meza.

"Hicho hakimo," akasema Dionisi.

"Kimo. Kiko hapa."

"Mwalimu unatutungia," mwingine akasema.

Mwalimu Lameck akahamaki. Katika maisha yake aliitwa majina mengi na wanafunzi, lakini si mwongo. Zuhura akaomba juzuu ya nne. Wakaivuta mezani, akaifungua, na ukumbi mzima ukawa unasikia vidole vyake vikipita juu ya karatasi. Akafika kwenye chungu. Akafika panakucha. Akarudi. "Hakimo," akasema, taratibu zaidi kuliko Dionisi.

Nikasimama.

"Kimo," nikasema. "Mwalimu hajatunga. Ni mimi nilikiacha."

Kutoka mlangoni Mzee Mihayo akasema, "Nilikuuliza."

"Ndiyo, Mzee. Uliniuliza."

"Ukasema ndivyo ilivyo."

"Ndiyo."

Zuhura ndiye aliyeongea, uso umenielekea barabara. "Kwa nini, Mama?"

Nikamweleza. Sikuwa na pa kujificha, kwa hiyo nikaeleza mpaka lile geti, mbele ya watu wote, jambo ambalo nalo sikuwa na haki ya kulisema, na nikalijua hilo nikiwa katikati ya sentensi. Nikamalizia kwa kusema nilitaka kumwepusha.

"Mama," akasema, "wewe pale getini ulisikia kwa bahati, ukingoja karatasi. Mimi ndiye niliyekuwa nasemwa. Sasa umenificha nini? Nimetembea na maneno hayo miaka yote hii nikidhani yalisemwa kwangu tu. Kumbe kuna mtu kayaandika kitabuni, watu wameyasoma, wamelia, wamegombana, na mimi peke yangu sijui." "Hukuniepusha mimi. Umejiepusha wewe."

Kisha akamgeukia Mwalimu Lameck. "Mwalimu, naomba unisomee tena."

Mwalimu akasoma mara ya pili. Safari hii sauti haikuwa ya darasani. Alipofika kwa yule mama anayelia akapunguza mwendo, akasoma neno kwa neno hadi mwisho. Zuhura akasema ahsante, akachukua fimbo yake nyeupe, akaenda kituo cha mabasi. Hakuniaga.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu nikiwa na barua ya kuacha kazi. Akaisoma, akairudisha, akasema kazi ya kwanza ni kurekebisha kitabu, na kwamba tangu sasa atakaa mtu wa tatu nasi wakati wa kusahihisha, wa kuniangalia mimi. Nilikubali. Ilikuwa haki. Lakini Mzee Mihayo aliposikia akajikongoja hadi ofisini kwa mkuu, nami nikiwa pale pale.

"Huyo wa tatu wa nini?" akauliza. "Naye tutamwekea wa nne? Huyu ameshadanganya, ameshakamatwa, mbele za watu ishirini na matobolwa. Hamtapata aliyechanjwa vizuri zaidi."

Wa tatu hakuletwa. Nikakaa kuandika. Mnaotumia kompyuta hamtajua adhabu iliyokuwemo: huwezi kuchomeka nusu ukurasa katikati ya nukta nundu. Kila kinachofuata kinasogea, kwa hiyo niliandika upya juzuu ya nne tangu pale hadi mwisho wake. Tulipokuja kusahihisha, Mzee Mihayo hakusema habari, alianza kusoma tu. Alipofika kisimani sauti ikapungua, kisha ikaisha, akawa anasoma kwa vidole peke yake. Akarudia. Mimi nilisubiri na kidole changu kwenye kitabu cha asili.

"Kitabu hiki sikipendi," akasema mwishoni. "Maneno mengi, na mvua inanyesha kila mtu akifa. Lakini sasa nitakichukia kwa haki." Akageuza ukurasa. "Na mwandishi nilimsingizia. Alimfikisha kisimani vizuri sana."

Baada ya hapo akaniita tena Ednulak, ingawa si asubuhi ile wala ya kesho yake.

Gunia lilirudi barabarani, na sasa ndipo maoni yakageuka kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Dionisi alikuja kituoni makusudi kunilaumu, lakini si kwa nililotarajia. "Mama Kalunde, mimi ningependa ungeniachia kama ulivyoniachia mwanzo. Nilikuwa na bibi yangu mzuri. Sasa kila nikimfikiria nasikia maji ya bakuli." Sikumbishia. Hata yeye alikuwa na haki yake. Nilimwambia tu kwamba safari ile sikumuuliza, na kwamba ningekiacha tena asingeniamini kwa kitabu kingine chochote. Akacheka bila kufurahi, akakubali chai.

Mwalimu Lameck, aliyekuwa akikitukana kitabu hadi kwenye foleni ya maji, akaanza kukitetea. Alisema aliposoma mara ya pili ile Jumamosi alisikia kitu ambacho macho yake yalikipita mara mbili. Wenzake wakamwita kigeugeu. Akawajibu kwamba mwalimu asiyewahi kusahihisha daftari lake mwenyewe asimfundishe mtu.

Zuhura hakupiga simu miezi mitano. Nilijua ni mitano. Kisha ikaja bahasha nene kutoka Nzega, pamoja na gunia. Niliipeleka dirishani, nikaifungua.

"Shikamoo Mama," aliandika. "Nimekisoma chote upya. Kisimani ni mahali pekee ndani ya juzuu saba nilipokutana na mtu. Kwingine kote yule bibi ni mtakatifu. Hakasiriki, hachoki, hakosei mchanganyiko wa unga. Mimi sijawahi kuwa mtakatifu hata mwezi wa Ramadhani. Nimegundua kitabu nilichokipenda mwaka jana ulikitunga wewe, Mama, kwa kukata. Chako kilikuwa kitamu. Hiki ni chungu mahali pamoja na kitamu kupita kiasi kwingine, na sijui kama kinastahili tuzo. Lakini nimemsomea mume wangu ule ukurasa, na kwa mara ya kwanza nikamweleza habari za getini. Ukurasa wa mia mbili na tatu, mstari wa saba, umeandika kisema."

Nilisoma mstari wa mwisho nikakaa chini kwenye sakafu ya ofisi, nikalia, nikasimama, nikachukua kijiti cha mninga na kalamu ya chuma, nikaenda kurekebisha kisima.

Kuanzia hapo simu zikarudi, shikamoo mwanzoni, kosa mwishoni. Na mimi nimekaa kuandika haya nikishukuru, kwanza kwamba nilikamatwa, pili kwamba nilikamatwa na watu wale. Nimewajua wachapaji walioishi na kitu kama kile maisha yao yote, hakuna aliyewaambia hakimo.

Mzee Mihayo alistaafu miaka miwili baadaye. Zikaja kompyuta, ikaja ile mashine inayotoboa kurasa yenyewe kwa kelele za mvua ya mawe juu ya bati, nanyi mkaja, mkanifundisha nisiiogope. Mlikuwa wavumilivu. Ninajua mlinicheka nilipoifunika kwa kitambaa, nami nawashukuru kwamba mlisubiri nitoke kwanza. Nimeandika kwa mashine hiyo vitabu vingi kuliko nilivyoandika kwa vitufe sita, na hakuna hata kimoja ninachokikumbuka mstari kwa mstari.

Miezi mitatu baada ya mimi kustaafu, mjukuu mmoja wa Mzee Mihayo alinikuta sokoni na ujumbe: babu anakuita. Nikapanda bodaboda hadi Ntalikwa. Nilimkuta amekaa barazani, koti lile lile la siku zote, mikono imelala mapajani, viganja juu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti." Akaniambia bila kuzunguka. Kisukari kilimwanzia miguuni, sasa kimefika vidoleni. Vimekufa ganzi. Anapapasa ukurasa, anaona karatasi tupu. Tangu mavuno hajasoma neno.

Nikamshika mkono, na nikahisi kwamba hakuhisi.

"Wapo wajukuu," akaendelea, "wanasoma vizuri, haraka haraka. Yupo mchungaji, anajitolea Jumapili. Nimewakataa. Nataka unisomee wewe, kila Alhamisi, kama una nafasi."

"Ninayo, Mzee. Nina nafasi nyingi kuliko nilivyozoea." Nikamwuliza anataka kitabu gani. Akataja riwaya mpya aliyoisikia ikigombaniwa redioni, wengine wanasema ni ya ajabu, wengine wanasema ni upuuzi. Alhamisi iliyofuata nilikwenda nayo. Nikavuta kiti karibu, nikavaa miwani. Mbele yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na ukurasa wa pili wa kulinganisha.

"Mzee," nikamwambia, maana nisingeweza kuanza bila kulisema, "sasa hivi nikiruka mahali hutajua."

"Sitajua," akasema. "Ndiyo maana nimekuita wewe."

Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikasoma.